Hadithi Zinazoanzia Uwanja wa Ndege

Chukua hadithi yoyote kati ya hizi tunazoandikiana sisi vijana kuhusu mtu aliyehamia ng'ambo, usome aya yake ya kwanza. Mhusika yuko uwanja wa ndege. Begi linapita kwenye mashine, pasi inagongwa muhuri, ndege inapaa, taa za Dar es Salaam zinabaki chini kama makaa, chozi moja linadondoka. Aya ya pili ni theluji. Baada ya hapo mambo ni yale yale: baridi, ubaguzi, kuosha vyombo hotelini, mchumba wa Kizungu, na barua au simu ya nyumbani inayoomba hela. Nimesoma nyingi za namna hii, nyingine zimechapishwa na nyingine bado ni karatasi za mkono zinazozungushwa na marafiki, na baadhi ni nzuri kweli. Theluji sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba wahusika hawa wote wanaonekana kama waliota pale pale uwanja wa ndege, kama uyoga.

Sasa hebu tuulizane. Nani kati yetu amewahi kumwona mtu anaondoka nchini namna hiyo? Kabla ya uwanja wa ndege kuna wiki mbili tatu za kuzunguka nyumba za ndugu. Kuna shangazi ambaye asipoagwa atakumbushia mpaka kwenye msiba. Kuna makaburi ya kupitia. Kuna begi lililo wazi sakafuni, na kila anayeingia chumbani anachungulia ndani yake kama anavyochungulia sufuria. Mambo yote hayo mwandishi wetu anayajua, ameyaona kwa macho yake, lakini akishika kalamu anayaruka. Anaona bado hadithi haijaanza.

Mimi nasema imeanza, na pengine sehemu yake nzito kuliko zote ndiyo hiyo iliyorukwa.

Nayasema haya nikiwa katikati ya shughuli yenyewe. Nina safari ya kwenda Basel, Uswisi, kusoma kwa miaka miwili, na huu ni mzunguko wa wiki ya pili naaga hapa Ifakara. Safari ya namna hii kwetu siyo kioja. Profesa Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara hapa mwaka 1957, ile ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na tangu hapo njia ya Ifakara na Basel imekuwa na watu wake. Kwa hiyo sababu za kuondoka kwangu naziacha. Ninalotaka kulizungumza ni kuaga kama fani, maana nimekaa kwenye mikeka na makochi ya watu siku zote hizi nikisikiliza, na kila nikitoka nyumba moja najiuliza: mbona hili halimo katika vitabu vyetu?

Fani, ndiyo. Silitumii neno hilo kwa mapambo. Kuaga kwa upande wetu kuna utaratibu kama ulivyo utaratibu wa ngano. Kwanza huagi ukiwa umesimama mlangoni, unakaa. Mnaamkiana, mnaulizana habari za mashamba, za maji ya mto yamefika wapi mwaka huu, za mgonjwa wa nyumba ya pili. Chakula kinakuja. Safari inatajwa mwishoni kabisa, kana kwamba imekuponyoka tu, na mwenyeji, ambaye habari hizo alizipata hata kabla viza haijatoka, anapaswa kushtuka: "Ee! Kumbe ndiyo hivyo? Lini sasa?" Kila mtu anajua kwamba kila mtu anajua, na bado mshtuko unachezwa vizuri. Pili, kuna mpangilio. Wakubwa kwanza, upande wa baba na upande wa mama kwa mizani, na ukikosea zamu ujue kikao kitaitishwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, anayesema ni yule anayebaki. Ana hotuba yake. Inaanza kwa kuwataja waliokufa, ambao wangefurahi kuiona siku hii; inapita kwenye maonyo; inafika kwenye agizo; inaishia kwenye zawadi. Anayeondoka kazi yake ni kuinamisha kichwa na kusema "ndiyo mama", "nimesikia baba". Ukiongea sana watu wanakuona umeshaanza majivuno ya huko uendako kabla hujafika.

Tazama basi hadithi zetu zilivyoligeuza jambo hili. Ndani ya hadithi anayeondoka ndiye anayesema, kurasa kumi, kurasa ishirini, yeye na mawazo yake dirishani. Waliobaki wamepewa sentensi moja tu, nayo ni ya kuomba hela. Kinywa kimehamishwa. Watu ambao nyumbani walikuwa wasemaji wakuu, wenye hotuba zenye mwanzo na mwisho, katika maandishi wamekuwa simu inayoita usiku. Halafu tunashangaa kwa nini wahusika hawa wa nyumbani hawana uhai. Watapata wapi uhai, na zamu yao ya kusema imekatwa?

Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI uone maneno yanavyokaa jirani: aga, agana, agano, agiza, agizo. Agano, neno lile lile tulilolikuta kwenye Biblia, limetoka ndani ya kuagana. Watu wawili wanaoagana hawapungiani mikono tu, wanafunga mkataba. Ndiyo maana kwa Kiswahili kusema "ameondoka bila kuaga" ni mashtaka kamili, huna haja ya kuongeza kitu. Na wahenga waliposema ukitaka kuruka agana na nyonga, waliijua kazi ya neno hilo: muulize kwanza yule atakayekubeba kama yuko tayari. Nyonga za msafiri ni hawa ninaowazungukia.

Inawezekana ugonjwa huu wa kuruka ni wa zamani. Katika maandishi ya awali kabisa ya Waswahili kuhusu Ulaya, Selim bin Abakari anatusimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Ni simulizi ya ajabu, lakini yeye yuko na bwana wake Mjerumani na safari inaanzia huko huko Ulaya. Alivyoondoka kwao hatuoneshwi. Martin Kayamba alikwenda London mwaka 1931 pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamugira, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu kuunganishwa kwa nchi za Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata akatoa kitabu. Jina lake: Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Jina hilo limebeba mpango mzima wa fasihi yetu ya safari, kuona na kufanya. Kuaga hakumo kwenye jalada. Na Bi Salme binti Said, ambaye kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886, yeye aliondoka Unguja mwaka 1866 kwa siri ndani ya manowari ya Waingereza. Kutoroka ni jambo jingine kabisa. Mtoro hana wa kumwaga, na maisha yake yote ya baadaye yanaweza kusomwa kama kuaga kulikocheleweshwa.

Siwalaumu wazee hawa. Walikuwa wanawaandikia watu waliotaka habari za huko. Sisi leo tunamwandikia nani? Msomaji wetu yuko Ifakara, yuko Songea, yuko Tanga, theluji kaiona kwenye televisheni na kwenye simu mpaka kaichoka. Habari za huko siyo habari tena.

Hapa nataka kumleta Abdulrazak Gurnah, kwa sababu yeye ameliona. Watu tangu apate Nobel mwaka 2021 wamemgeuza mwandishi wa ukimbizi, basi, kama vile hana jingine. Lakini soma mwanzo wa Paradise (1994), ambayo tunayo sasa kwa Kiswahili chetu kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022. Yusuf ana miaka 12. Anaambiwa anasafiri na Ami Aziz, tajiri anayekuja kwao mara kwa mara na kumpa sarafu. Haambiwi zaidi. Sisi wasomaji pia hatuambiwi zaidi. Ila mama yake anamfungia kifurushi, na Gurnah, ambaye siyo mtu wa kupoteza maneno, anasimama kutuhesabia kilichomo: kaptura mbili, shati, kanzu ambayo bado mpya tangu Idi iliyopita, msahafu, na tasbihi kuukuu ya mama mwenyewe. Vingine vyote vimefungwa ndani ya shali iliyozeeka, ncha zikakazwa fundo, fimbo ikapitishwa ili mtoto abebe begani. Tasbihi haikufungwa humo. Alipewa mkononi, mwisho, kwa kificho.

Msomaji mwepesi anapita hapo akikimbilia treni. Lakini kaa kidogo. Nani anamfungia mtoto kanzu ya Idi kwa safari ya siku mbili tatu? Mama anajua kwamba Idi ijayo mtoto hatakuwepo. Hawezi kusema, kwa sababu baba yake Yusuf ana deni kwa tajiri na mtoto anakwenda kuwa rehani, jambo ambalo Yusuf mwenyewe atakuja kuambiwa na kijana mwenzake dukani, akiwa keshafika. Mama hana ruhusa ya kusema, basi akasema kwa kufunga. Kile kifurushi ndiyo hotuba yake. Ina waliokufa na Mungu wao (msahafu), ina onyo, ina agizo, ina zawadi ya kificho; imekamilika kama hotuba ya shangazi yangu yeyote, isipokuwa haina sauti. Na tasbihi ile, ambayo sisi Wakatoliki wa bondeni tungeigeuza rozari bila kubadilisha neno jingine, inaniuma kila nikiisoma. Riwaya nzima ya deni na umiliki wa watu imelala ndani ya mzigo wa mtoto, sura ya mwanzo, na haijaelezwa. Sasa fikiria kama Gurnah angeanzia stesheni.

Miaka saba baadaye, katika By the Sea (2001), aliandika upande wa pili wa jambo hilo hilo. Saleh Omar, mzee wa miaka 65, anatua Gatwick akijifanya hajui Kiingereza. Afisa wa uhamiaji anafungua begi lake, anatoa kitu kimoja kimoja, na msimulizi anajua kabisa kwamba anasomwa. Mwishoni afisa anakuta kijisanduku cha mbao chenye udi, ule udi mzuri wa kamari, na anaondoka nacho. Wahakiki wameliandika sana tukio hili, la mwenye mamlaka na mnyonge, la ukoloni n.k., na wako sawa. Lakini sijaona aliyeuliza begi lile lilifungwa na nani. Jibu ni kwamba mzee alilifunga mwenyewe. Mkewe na bintiye walikufa akiwa kifungoni. Hakuwa na wa kumwambia "chukua na hiki". Udi wake ndiyo watu wake. Kwa hiyo afisa alipouchukua alichukua nyumba nzima, na hakuna mkono mwingine ndani ya lile begi uliobaki.

Ukiviweka vitabu hivi viwili pamoja unapata kitu ambacho nadhani ni kanuni ya fasihi ya safari, kama watu wa kanuni wataniruhusu. Mzigo una mandhari mbili, kufungwa na kufunguliwa. Nyumbani unafungwa na mikono mingi, mpakani unafunguliwa na mkono mmoja usiokujua. Hadithi ikiwa na kufunguliwa tu bila kufungwa, tunaona dhuluma lakini hatujui kilichodhulumiwa ni nini. Na hizo ndizo hadithi zetu. Afisa wa Heathrow anatupa dagaa wa mhusika kwenye pipa, mhusika analia, sisi tunamwonea huruma kidogo halafu tunafungua ukurasa, kwa sababu dagaa wale hatukuwaona wakianikwa.

Najua pingamizi. Mhakiki wa darasani, yule aliyefundishwa kama sisi kutafuta dhamira, migogoro na ujumbe kisha matumizi ya lugha, atasema haya ya mikeka na vifurushi ni mila na desturi, yaingizwe kwenye mandhari kwa sentensi mbili tuendelee na mgogoro. Kwani mgogoro uko wapi kama siyo hapa? Ngoja nitoe mfano wa kwetu, kwa sababu watu wa bonde hili kufunga mizigo wanakujua kuliko wanavyojijua.

Mtu wa Ifakara anahama kila mwaka. Mvua zikianza, familia nyingi zinafunga vyombo na kwenda kukaa mashambani, mbali, hasa ng'ambo ya mto, kwenye vibanda na madungu, mpaka mpunga uvunwe. Inafungwa sufuria, chumvi, majembe, redio, kuku kwenye tenga, chandarua. (Chandarua hakisahauliki, mwishoni mwa miaka ya 1990 bonde zima lilijaa vyandarua vya "Zuia Mbu", na watoto waliozaliwa wakati ule tulilijua jina hilo kabla ya kujua kusoma.) Zamani mizigo hiyo ilipanda mtumbwi au pantoni, ile iliyozama Januari 2016, siku hizi inapita juu ya Daraja la Magufuli. Wakati wa kuondoka kwenda shamba watu wanaagana, lakini kwa wepesi, kwa utani, maana kurudi kuna tarehe yake na tarehe hiyo inaota ardhini, unaiona inavyobadilika rangi.

Nilipokwenda kumwaga babu, nilimkuta dunguni, upande wa Minepa, anafukuza ndege. Nikamwamkia shikamoo babu, akajibu marahaba mke wangu, karibu usaidie mumeo kupiga debe. Nikasaidia. Safari nikaitaja mwishoni kama inavyotakiwa. Hakuuliza nakwenda wapi wala kusomea nini. Akauliza, "Unarudi mavuno ya ngapi?" Nikahesabu, nikamwambia ya pili, au ya tatu yakichelewa. Akanyamaza kidogo, akasema: "Basi hiyo siyo safari. Hilo ni shamba la mbali." Halafu agizo: niangalie kama Wazungu wana dawa ya kwelea kwelea isiyoua na samaki.

Sasa mwandishi mwenzangu, niambie kama hapo hamna mgogoro. Mzee ameichukua Ulaya akaiingiza kwenye kalenda ya mpunga, kwa sababu ndani ya kalenda hiyo anayeondoka lazima arudi. Ameninyima neno "safari". Je, ni faraja anayonipa, au amenifunga? Mimi mpaka leo sijui, na kama ningekuwa naandika hadithi ningeyaacha maneno yale yalivyo, nisimpe msomaji ufunguo. Hiyo ni sentensi moja ya mzee mmoja. Nimezunguka nyumba kumi na saba.

Upande wa vitu nao una fasihi yake. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli ya TAZARA, alifanya jambo ambalo sisi waandishi tungepaswa kuliona aibu kupitwa nalo: alisoma risiti za vifurushi vilivyosafirishwa kutoka stesheni za bonde hili, na kutokana na vipande hivyo vya karatasi akapata maisha ya watu, nani analima nini, nani anampelekea nani, biashara gani inakua. Reli yenyewe ilikabidhiwa mwaka 1976 na imeshaandikiwa mashairi ya kila aina, ya urafiki na Wachina, ya ukombozi wa kusini. Gunia la mpunga lenye jina la shemeji lililoandikwa kwa makaa halikuandikiwa shairi. Mwanahistoria ndiye aliyeliokota.

Begi langu lilipimwa kwenye mizani ya mashine ya kukoboa mpunga. Kilo 34. Tiketi inaruhusu 23. Kilo 11 zinatakiwa kutoka, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimeshika kazi ya uhariri, ngumu kuliko yoyote niliyowahi kuifanya kwenye karatasi. Mle ndani kulikuwa na mchele wa mama mkubwa wa Lipangalala. Nilimwambia mchele huko upo, akaniambia, "Upo, lakini haunukii." Kulikuwa na kitoga mkavu wa shangazi, amefungwa magazeti, juu ya magazeti khanga, na khanga nayo ni zawadi mbali. Kulikuwa na mkeka mdogo wa ukindu alioushona bibi akiwa haoni vizuri, na ushonaji wake unaonesha: umekwenda upande. Unga. Karanga. Vitabu vyangu vinne, ambavyo kilo zake ni nyingi kuliko nilivyodhani.

Vitabu vilitoka vitatu. Hilo lilikuwa jepesi. Baada ya hapo kila unachokigusa kina mtu nyuma yake, na mtu huyo yuko nje kwenye benchi anasubiri kusikia kilo ngapi. Mdogo wangu akatoa wazo kwamba tusitoe cha mtu yeyote, tupunguze cha kila mtu. Mchele ukapunguzwa kwa kikombe, karanga kwa kiganja, kitoga akakatwa nusu. Ni mkato wa haki na ni mkato wa hila, kwa sababu hakuna aliyeachwa na hakuna aliyekwenda mzima. Mkeka haukatiki. Ukabaki. Nadhani Said Ahmed Mohamed, ambaye ameishi na kufundisha ng'ambo miaka mingi akiandika riwaya za Kiswahili huko huko, angeweza kuandika sura nzima juu ya kikombe kile. Kezilahabi, aliyefundisha Botswana na kufariki mwaka 2020, angekiandikia shairi fupi lisilo na vina, halafu watu wangegombana kama ni shairi. Sisi tunaanzia uwanja wa ndege.

Wahariri watanijibu kwamba hadithi fupi ina maneno elfu mbili tu, huwezi kumzungusha mhusika nyumba kumi na saba na bado akafika Ulaya. Kweli kabisa. Basi asifike. Kuna ubaya gani hadithi ya mtu anayehamia ng'ambo ikaishia kwenye mizani? Hofu yetu ni kwamba bila ndege hakuna safari, na hofu hiyo tumeirithi kwa akina Kayamba bila kuwa na sababu walizokuwa nazo. Watu wengine wanasema mambo haya ni ya kike, eti kufunga mizigo na kulia lia jikoni. Hao siwajibu, wakamsome mama yake Yusuf.

Lakini kuna kasoro moja hata katika haya niliyoyasifu, pamoja na Gurnah mwenyewe. Peponi inaondoka na Yusuf. Mara treni ikitoka, mama aliyefunga lile fundo anabaki kuwa kumbukumbu ya mwanawe. Hatuambiwi alirudi nyumbani akafanya nini na shali zilizobaki. Kinywa kile kile kimehamishwa tena, safari hii kwa ustadi. Hadithi ambayo sijaisoma popote, kwa Kiswahili wala kwa lugha nyingine ninayoijua, ni ile inayobaki chumbani baada ya begi kutoka. Nani anafagia? Zile nusu za kitoga zinapikwa siku gani, na nani anakula? Aliyetoa kitoga akija kuamkia akazikuta jikoni, anaambiwa nini?

Mdogo wangu ana miaka 15 na anaandika, ingawa hataki watu wajue. Nimemwambia aijaribu. Amesema atafikiria. Kwa sasa anachotaka kujua ni kama kitanda kinabaki, na kama anaweza kukisogeza dirishani siku hiyo hiyo au asubiri kwanza.